Dai la moja kwa moja au dai tegemezi: uchague njia ipi mbele ya VA

VA, idara ya Marekani inayoshughulikia maveterani, imeshakubali kwamba goti lako liliumia jeshini. Barua unayo, na fidia ya ulemavu wa asilimia 10 inaingia kila mwezi. Miaka imepita. Sasa nyonga ya upande wa pili inauma, kiuno kinakaza asubuhi, na dawa za maumivu ulizozimeza muda wote huo zimekuachia kiungulia kisichoisha. Unataka kudai, lakini unakwama mahali pamoja: uandike kwamba maradhi haya yalianzia jeshini, au uandike kwamba yameletwa na lile goti?

Ulinganisho huu nimeuandika hasa kwa wenzetu waliovaa sare za jeshi la Marekani: Wakenya, Watanzania, Wakongomani na wengineo, wakiwemo walioingia kupitia MAVNI, mpango uliotangazwa 2008 kutafuta wageni wenye lugha zinazohitajika, Kiswahili kikiwa mojawapo, hadi ukasimamishwa 2016. Wengi wao walimaliza mkataba wakaondoka kimya kimya, wakaona haya kudai. Sisi tumelelewa kuvumilia, na mtu mzima kuorodhesha maumivu yake mbele ya serikali huonekana kama kulialia. Hapana. Fidia hii ni haki iliyoandikwa katika sheria, haikatwi kodi ya mapato, na humlipa pia asiye raia. Kinachotakiwa ni kuidai kwa ukweli na kwa njia inayofaa.

Tofauti iko wapi

Dai la moja kwa moja husimama juu ya mambo matatu. Kwanza, uwe na ugonjwa uliothibitishwa na daktari leo. Pili, kuwe na tukio, jeraha au ugonjwa uliokupata ukiwa kazini jeshini. Tatu, kuwe na maoni ya kitabibu yanayounganisha hayo mawili. Maoni hayo ndiyo maveterani wote wanayaita neksasi. Kanuni yake ya VA ni namba 3.303.

Dai tegemezi, chini ya kanuni 3.310, linaondoa jambo la pili na kuweka lingine mahali pake. Huulizwi tena kilichotokea jeshini, maana hilo lilishajibiwa siku goti lilipokubaliwa. Unaulizwa: je, goti hilo ndilo lililosababisha nyonga kuharibika, au limeizidisha? Ndiyo maana mtu anaweza kushinda dai la nyonga hata kama jeshini nyonga yake haikuwahi kumsumbua siku moja, na hata kama ilianza kuuma miaka kumi na tano baada ya kutoka.

Jambo moja linalowapita wengi: hali ya msingi, yaani ile iliyokwisha kukubaliwa, haihitaji kuwa na asilimia yoyote. Ukiwa na barua inayosema goti limekubaliwa kwa asilimia 0, hupati hela, lakini limekubaliwa. Linaweza kubeba dai tegemezi sawasawa na goti la asilimia 30. Nawasihi wenye barua za sifuri wasizitupe.

Ushahidi uko kwenye karatasi zipi

Hapa ndipo uamuzi mwingi unapofanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dai la moja kwa moja linategemea faili lako la matibabu la jeshini. Ukiteguka kifundo cha mguu kwenye mbio za asubuhi ukaenda zahanati ya kikosi, na muuguzi akaandika tarehe, uvimbe na siku za kupumzishwa, basi karatasi hiyo moja ina uzito kuliko kurasa kumi za maelezo yako ya leo. Shida ni kwamba askari wengi hawaendi zahanati. Anaogopa kuitwa mvivu, anaogopa kukosa safari ya kikosi, anameza ibuprofeni na kuendelea. Siku ya uchunguzi wa kutoka anajaza kwamba yuko sawa ili arudi nyumbani haraka. Faili linabaki jeupe. Faili jeupe halimaanishi umeshindwa, kwa sababu barua za wenzako wa kikosi na maelezo yako mwenyewe ni ushahidi halali kuhusu mambo yanayoonekana na kuhisiwa. Ila kazi inakuwa ngumu zaidi.

Dai tegemezi linategemea karatasi za baada ya jeshi: rekodi za kliniki yako ya sasa, picha za eksirei na MRI, orodha ya dawa na muda uliozitumia, maelezo ya tiba ya viungo. Hizi kwa kawaida zipo, ni mpya, na unaweza kuziongeza. Kama faili lako la jeshini ni jembamba lakini miaka mitano iliyopita umekuwa ukihudhuria kliniki, dai tegemezi ndilo lenye ardhi ngumu chini yake.

Linachodai kwa ukali ni maoni ya daktari. Neksasi dhaifu ndiyo inayoua madai tegemezi mengi. Daktari akiandika kwamba goti "linaweza kuwa" limechangia, VA itaichukulia kuwa ni kukisia. Kipimo cha sheria ni uwezekano wa asilimia 50 au zaidi, na ushahidi ukilingana pande zote, mdai ndiye anayepewa ushindi. Barua inayofaa husomeka hivi:

"Nimepitia rekodi za mgonjwa. Kwa maoni yangu, uwezekano ni asilimia 50 au zaidi kwamba kulika kwa kiungo cha nyonga ya kushoto kumesababishwa na goti la kulia, kwa sababu tangu upasuaji wa goti mgonjwa amekuwa akiegemeza uzito upande wa kushoto, mwendo wake uliobadilika umeandikwa na wataalamu wa tiba ya viungo mara kadhaa, na eksirei inaonyesha nyonga ya kushoto imelika kuliko ya kulia."

Angalia neno "kwa sababu". Bila hilo, hata profesa akitia sahihi, barua haina nguvu.

Na usidharau maelezo ya watu wa nyumbani. Mke akiandika, "Mume wangu hushuka ngazi kiubavu, akishika ukingo kwa mikono miwili, na tangu mwaka juzi mtoto ndiye anayembebea kikapu cha nguo," amempa mchunguzi kitu ambacho mashine haikipimi. Kama anaandika vizuri zaidi kwa Kiswahili, aandike kwa Kiswahili, kisha iambatane na tafsiri. Maneno yenye ukweli ndani yake huonekana hata yakitafsiriwa.

Kusababisha ni kimoja, kuzidisha ni kingine

Dai tegemezi lina milango miwili, na wengi hubisha mmoja tu. Wa kwanza ni kwamba hali iliyokubaliwa imesababisha hali mpya. Wa pili ni kwamba hali mpya ilikuwepo au ilitokana na kitu kingine, lakini ile iliyokubaliwa imeizidisha kupita mwendo wake wa kawaida. Mlango huu wa pili ulifunguliwa na uamuzi wa mahakama mwaka 1995 na sasa umo ndani ya kanuni yenyewe.

Chukua mtu mwenye presha ya kurithi. Baba yake alikuwa nayo, na shangazi zake pia. Hawezi kusema PTSD yake iliyokubaliwa, yaani maradhi ya akili yanayotokana na kiwewe, ndiyo iliyomletea presha, na asiseme. Lakini anaweza kuonyesha kwamba presha ilikuwa imetulia kwa kidonge kimoja, na tangu jinamizi na kukosa usingizi vizidi, anameza dawa tatu na vipimo bado viko juu. Hapo VA inahitaji kujua hali ilikuwaje kabla haijazidishwa, kisha inakipunguza kiwango hicho kutoka kiwango cha leo. Kama presha ilikuwa ya asilimia 10 na sasa ni ya 20, utalipwa kwa tofauti. Ndiyo maana rekodi za zamani za kliniki, hata zile zinazoonekana kukuumiza kwa kuonyesha ugonjwa ulikuwepo, ni za kutafuta na kuwasilisha.

Ukipata nakala ya ripoti ya uchunguzi wa kitabibu ambao VA huupanga ili kulipima dai, yaani C&P, isome ukitafuta jambo hili hasa. Mchunguzi akisema hali yako "haikusababishwa" na ile ya msingi, halafu akanyamaza kuhusu kuzidishwa, amejibu nusu ya swali. Mahakama ya maveterani ilieleza mwaka 2013 kwamba jibu la namna hiyo halitoshi kulikataa dai. Nusu hiyo iliyobaki ni sababu nzuri ya kupinga uamuzi.

Tarehe na hela

Kwenye asilimia zenyewe hakuna tofauti. Nyonga iliyokubaliwa kama tegemezi inapimwa kwa jedwali lilelile la asilimia la VA na kulipwa kiasi kilekile na nyonga iliyoumia jeshini. Anayekwambia madai tegemezi hulipwa nusu amekosea.

Kwenye tarehe, hata hivyo, kuna tofauti inayouma. Ukiwasilisha dai ndani ya mwaka mmoja tangu utoke jeshini, malipo huhesabiwa tangu siku iliyofuata kutoka kwako. Dai tegemezi mara nyingi huja baadaye, na halirithi tarehe ya hali ya msingi. Goti lilikubaliwa 2015, nyonga umeidai 2024: nyonga inalipwa tangu 2024. Kwa hiyo ukishajua unataka kudai na bado unasubiri barua ya daktari, peleka kwanza Fomu 21-0966 ya kuonyesha nia. Inakushikia tarehe kwa mwaka mzima wakati unakusanya karatasi, kisha dai lenyewe linakwenda kwa Fomu 21-526EZ.

Jumla ya asilimia nayo haijumlishwi kama tulivyofundishwa shuleni. Mwenye 40, 20 na 10 hapati 70. VA huchukua 40 kwanza, inabaki 60 ya mtu mzima. Asilimia 20 ya hiyo 60 ni 12, jumla 52. Asilimia 10 ya 48 iliyobaki ni karibu 5, jumla 57. Halafu inakadiriwa kuwa 60. Kadiri unavyopanda, kila dai jipya linaongeza kidogo.

Lakini kuna mahali ambapo dai tegemezi lina faida isiyozungumzwa vya kutosha. Mtu asiyeweza kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu wake anaweza kulipwa kwa kiwango cha asilimia 100 hata kama jumla yake haifiki huko. Sharti la kawaida ni awe na hali moja ya asilimia 60, au jumla ya 70 yenye hali moja ya 40. Na hali zenye chanzo kimoja huhesabiwa kama hali moja kwa ajili ya sharti hilo. Mgongo wa asilimia 40, pamoja na maumivu ya neva yanayoteremka miguu yote miwili kwa asilimia 20 kila mguu, vikikubaliwa kuwa vimetoka kwenye mgongo huohuo, huhesabiwa pamoja na kufika 60. Fundi wa zamani wa magari ya deraya ambaye hawezi tena kusimama saa moja karakanani anapaswa kulijua hili kabla hajakata tamaa.

Uimara wa baadaye

Hapa naliweka dai la moja kwa moja mbele. Linasimama lenyewe. Dai tegemezi linaegemea la msingi, na la msingi likibatilishwa, tegemezi linakosa pa kushika. Hatari hii si ya kila siku: hali iliyokubaliwa kwa miaka 10 haibatilishwi ila kwa udanganyifu, au rekodi zikionyesha mtu hakuwa na utumishi unaostahili. Asilimia ya goti kupunguzwa, kwa mfano, hakuiondoi nyonga. Lakini kama karatasi zako zinaruhusu njia zote mbili, hiyo ni sababu tosha ya kutoiacha ya moja kwa moja.

Njia ya tatu, kwa ufupi

Kabla hujachagua kati ya hizi mbili, hakikisha hustahili dhana ya kisheria, ambako sheria yenyewe inachukulia kwamba utumishi ndio chanzo na huhitaji neksasi. Sheria ya PACT iliyosainiwa tarehe 10 Agosti 2022 inawahusu waliopumua moshi wa mashimo ya kuchomea taka, na ramani yake inagusa kwetu: Somalia kwa waliokuwepo tangu tarehe 2 Agosti 1990, na Djibouti tangu tarehe 11 Septemba 2001. Pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, sinusitisi sugu na saratani kadhaa zimo. Ukishakubaliwa kwa dhana, hali hiyo nayo inakuwa msingi wa madai tegemezi. Vilevile, kwa waliopata jeraha la ubongo, kuna orodha fupi ya matokeo, kama kifafa, sonona na aina za dementia, ambayo kanuni inayachukulia kuwa yametokana na jeraha hilo, kutegemea uzito wake na muda uliopita.

Jozi zinazosikika sana

Mgongo na neva za mguuni ni jozi iliyo wazi kitabibu. Madaktari huiandikia bila kusitasita. Kisukari na ganzi ya nyayo, au kisukari na figo, hivyohivyo. Maumivu ya kudumu na sonona ni jozi ya kweli kabisa, na nasikitika kuona wanaume wetu wakiiruka kwa sababu ya neno "akili" kuwemo. Dawa za maumivu na kiungulia sugu inafaa pia: madhara ya dawa unayotumia kwa hali iliyokubaliwa ni msingi halali wa dai tegemezi. Unene nao haulipwi kama ulemavu peke yake, lakini unaweza kuwa kiungo cha katikati: goti likakuzuia kutembea, uzito ukapanda, uzito ukaleta hali nyingine. Kila kiungo kinahitaji daktari wa kukieleza.

Ninayoitilia wasiwasi ni kukatika pumzi usingizini kwa msingi wa PTSD. Si kwamba haiwezekani; yapo madai mengi yaliyoshinda. Wasiwasi wangu ni kwamba imekuwa wimbo wa video za mitandaoni kwa sababu jedwali limekuwa likitoa asilimia 50 kwa anayehitaji CPAP, mashine ya kusukuma hewa usingizini, na watu wanaanza na asilimia halafu wanatafuta ugonjwa. VA yenyewe ilipendekeza kulibadilisha jedwali hilo mwaka 2022. Mwenye ugonjwa kweli, mwenye kipimo cha usingizi na daktari anayeeleza jinsi gani, adai kwa kichwa cha juu. Anayefuata asilimia ataumia kwenye uchunguzi, na anawachafulia wengine.

Basi uchague ipi

Kama faili la jeshini linataja hali yenyewe, na dalili ziliendelea, nenda moja kwa moja. Kama halitaji chochote lakini una hali iliyokubaliwa na daktari anaona uhusiano, nenda tegemezi wala usijilazimishe kutunga tukio la jeshini. Kama vyote viwili vina ushahidi, viandike vyote: kwenye safu inayouliza ulemavu unahusianaje na utumishi, taja tukio la jeshini na pia hali ya msingi. VA inatakiwa kupima kila njia inayoonekana kwenye faili. Kama hali ya msingi haijakubaliwa bado, unaweza kuwasilisha zote pamoja, lakini nguvu zako nyingi ziweke kwenye msingi, maana ukikataliwa huo, nyingine itakataliwa nao.

Kwa anayepanga kurudi Mombasa, Arusha au Bukavu, mimi ningeweka uzito zaidi kwenye madai tegemezi kuliko anayebaki Texas. Fidia humfuata mtu popote. Matibabu hayamfuati hivyo. Ng'ambo, VA hulipia kupitia mpango wake wa tiba za nje, na mpango huo unashughulikia hali zilizokubaliwa na zile zinazohusiana nazo kwa kuzizidisha. Kisukari kikikubaliwa na figo zisikubaliwe, bili ya figo inaweza kukuangukia wewe na ndugu zako. Na Mungu akikuchukua kwa ugonjwa uliokubaliwa, mjane wako ana haki ya kuomba fidia ya warithi. Kama ugonjwa huo haukuwahi kuandikwa popote, atalazimika kuuthibitisha yeye, akiwa msibani, mbali na faili zako.

Katika yote haya usimlipe mtu kukujazia dai la kwanza. Sheria hairuhusu kutozwa ada kwa kazi hiyo. Vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion vina wawakilishi walioidhinishwa na VA wanaoifanya bure. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza, na ada isiyozidi asilimia 20 ya malimbikizo huchukuliwa kuwa ya haki. Anayetaka miezi kadhaa ya nyongeza yako kama "ushauri" huku hana idhini, mkatae hata kama ni wa kijiji chenu.

Ukikataliwa, una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ili kuilinda tarehe yako ya malipo. Kwa dai la moja kwa moja lililokosa ushahidi wa jeshini, mara nyingi jibu ni Fomu 20-0995 pamoja na ushahidi mpya, na humo unaweza kuingiza hoja ya tegemezi ambayo hukuitumia mwanzo. Kwa dai tegemezi ambalo mchunguzi alijibu nusu ya swali, Fomu 20-0996 inampelekea afisa mwandamizi faili lilelile alipitie upya, ila hutaruhusiwa kuongeza karatasi hata moja. Kama barua ya daktari ndiyo kwanza imefika, rudi kwenye 20-0995.